Maswali ya wasomaji: Kila mwaka ukuta ule ule

Wapendwa habari zenu. Mwezi huu barua za shule za kimataifa zimekua nyingi kuliko hata za ndoa, na naelewa, shule hizo mwaka wao wa masomo unaanza mwezi wa nane na hapa katikati ndo watoto wanachagua klabu, safari na shughuli za huduma kwa jamii, mzazi unaletewa fomu usaini hata hujaelezwa kitu. Wengi mnajua kabla sijaanza kuandika hapa nilikua matroni wa bweni miaka mingi kwenye shule moja ya aina hiyo, jumatano mchana napanda basi la shule na watoto tunaelekea vijijini, kwahiyo leo nimeamua nijibu kwa kirefu. Nimechagua barua tano.

Anti habari za kazi. Nina binti yupo mwaka wa kwanza wa Diploma shule ya kimataifa hapa Arusha. Kila jumatano baada ya chakula cha mchana hakuna darasa, wanaenda kitu kinaitwa CAS. Wiki iliyopita karudi matope mpaka magotini, anasema walikua wanazibua mtaro mtaa wa Unga Limited. Anti mi nalipa ada kwa dola. Kama ni kuzibua mtaro si angebaki tu nyumbani nimpe jembe? Na mtihani atausomea saa ngapi?
Baba Watatu, Njiro

Baba Watatu pole na majukumu, ada ya dola ni mzigo na una haki zote za kuuliza. Nianze na mtihani maana naona ndo unaokunyima usingizi. Binti yako anasoma Diploma ya IB, yaani International Baccalaureate, ile ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, masomo sita, kila somo pointi 7 ndo mwisho, jumla 42, alafu kuna pointi 3 zinatoka kwenye ile insha ya utafiti ya maneno 4,000 pamoja na somo la TOK, lile la kuhoji tunajuaje tunachokijua, ndo inapatikana hiyo 45 mnayoisikia watu wakitambiana. CAS yenyewe, yaani Creativity, Activity, Service, haina pointi hata moja. Ila bila CAS hapewi diploma, hata awe na pointi 40 mkononi, na hapo ndo nimeona wazazi wanashtuka mwaka wa mwisho, mtoto anahangaika kujaza ndani ya wiki tatu kitu alichotakiwa akifanye miezi 18. Ndio, miezi 18, ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma, vyote vitatu vinaenda sambamba wiki kwa wiki na ndani yake awe na mradi mmoja wa angalau mwezi mzima. Zamani walikua wanahesabu masaa, 150, mtoto anakuja na karatasi umsainie kama kibarua wa siku, wakaliacha hilo na mi nilifurahi sana maana siku hizi anaandika mwenyewe kwenye kabrasha lake alichojifunza na anakaa na mwalimu wake mara tatu kuyaongea. Kwahiyo jumatano mchana hajaibiwa muda wa kusoma, hiyo ni sehemu ya masomo unayoyalipia.

Sasa mtaro. Mi na wewe kama umri wetu unalingana tulisoma shule zenye shamba. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa tatu 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la hapo hapo kwenu Arusha, na sisi watoto wa Old Moshi tukapalilia kahawa ya shule na kubeba samadi kichwani, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ukipigwa mbiu kila kaya inatoa mtu wa kwenda kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga. Mfongo ukiziba huku juu, migomba ya wa chini inakauka, na wa chini huenda ni shemeji yako. Sijasema tulifurahia, mgongo ulikua unauma. Lakini nilijua maji tunayokunywa yanatoka wapi, yanapita kwa nani na nani kayafunga, nikiwa na miaka 9. Binti yako amekulia Njiro ndani ya geti, bomba linafunguliwa maji yanatoka, ule mtaro wa Unga Limited ndo kitu cha kwanza kumwonyesha kwamba taka na maji ya mtu mmoja yanaishia mlangoni kwa mwingine. Hilo mi nalipa uzito mkubwa sana kwa kweli.

Akirudi jumatano ijayo muulize mtaro uliziba na nini, nani wa pale mtaani aliyesema uzibuliwe, na mvua za vuli zikianza hautaziba tena? Akiwa na majibu kaa kwa amani. Akikwambia "tumepelekwa tu" basi hapo nenda shule ukaongee nao. Na kitu kingine kidai bila aibu, buti, glavu za mpira, na kadi ya chanjo ya pepopunda iangaliwe kabla mtoto hajaingia kwenye maji machafu. Mi nimewahi kumfunga mtoto unyayo uliochanwa na bati kwa kitenge changu nilichokua nimejifunga kwasababu sanduku la huduma ya kwanza lilisahaulika shuleni, damu ilikua inapita mpaka upande wa pili, sitaki limkute mzazi mwingine.

Shikamoo Anti. Ni mvulana wa miaka 17, kwetu Singida, nilipata skolashipu nasoma bweni shule ya kimataifa huku Kilimanjaro. Kila tukienda kwenye huduma mi ndo mkalimani. Wenzangu wanachimba, wanacheza na watoto, mi nasimama katikati natafsiri mpaka koo linakauka. Wiki iliyopita bibi mmoja alisema kwa sauti "na hawa leo wametuletea nini, wale wa mwaka jana walituachia mashimo" mi nikawaambia wenzangu kwa Kiingereza kwamba bibi anawakaribisha. Toka siku hiyo sina raha. Pia wenzangu wanajiandikisha kupanda mlima, mi hata jaketi la baridi sina. Nifanyeje Anti.
Mkalimani, Moshi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nilikua nimesimama jikoni chai inachemka mpaka imemwagika.

Naelewa kabisa kwanini ulibadilisha maneno. Umelelewa vizuri, hukutaka wageni waaibike na hukutaka bibi wa watu aonekane mkali mbele ya wazungu, ukaamua ulibebe wewe. Kila mtoto wa Kitanzania angefanya hivyo, na mi nilifanya hivyo nikiwa mtu mzima nina mshahara, sio mara moja. Ila mwanangu yule bibi hakukupa yale maneno uyatunze, alikupa uyafikishe. Alikua na malalamiko ya kweli, kuna mashimo kwenye uwanja wake, mbuzi anavunjika mguu humo, mtoto anatumbukia usiku, na siku ile alipata bahati ya kusikilizwa na watu 20 kwa mpigo, bahati yenyewe ikapotelea kwako. Wala usijichukie, bado inarekebishika. Kikao chenu cha tafakari kikifika waambie wenzako ukweli, sema "wiki ile sikutafsiri sawa, bibi alisema hivi". Watanyamaza kidogo. Alafu utaona wale wenye akili wanauliza mashimo yako wapi. Mrudi na majembe myafukie au mpande kitu kwenye hayo mashimo mvua zikianza, na wewe ndo umsalimie bibi wa kwanza. Usishangae akikujibu kwa Kichagga, hapo na wewe utatafuta wa kukutafsiria, mtoto wa Singida huku ni mgeni kama wenzako tu.

Kuhusu kuwa mkalimani kila wiki, hiyo ni kazi na ni huduma, iandike kwenye kabrasha lako kwa uzito wake, andika ugumu wake, andika hata hiyo siku ya bibi. Lakini usikubali iwe yako peke yako. Mwambie mwalimu wa shughuli unataka zamu. Najua humo bwenini kuna Watanzania wenzako, Wakenya na Waganda pia, wanaojifanya Kiswahili kimewashinda, wasaidieni kukikumbuka. Na wale wageni kabisa, waombe robo saa kwenye basi uwafundishe shikamoo, pole na kazi, naomba nikusaidie kubeba, tunaomba utuambie mnahitaji nini. Maneno haya manne tu. Nimeshuhudia msichana kutoka Norway anamwambia mzee wa Uru shikamoo akainama kidogo na mzee akaweka panga chini akaanza kumsimulia habari za mwanae aliyeko Dar kama vile wanajuana miaka kumi.

Mlima sasa. Muulize mwalimu wa shughuli, kwa faragha, kama skolashipu yako ina fungu la safari na kama shule ina stoo ya vifaa, usimtume mtu, nenda mwenyewe. Jaketi, glavu na buti watu wa Moshi tunanunua mitumba soko la Memorial, ukienda asubuhi siku ya mzigo unapata jaketi zuri kabisa la wapanda mlima, kagua zipu na mishono ya mabegani, buti ulijaribu ukiwa umevaa soksi mbili. Pia usidhani lazima uanze na kilele, mita 5,895 zitakusubiri. Njia ya Marangu ina mabanda ya kulala, Mandara kwenye mita 2,720 na Horombo 3,720, ukifika Horombo ukalala ukarudi umeshapanda mlima na umeuona mwili wako unafanyaje kwenye hewa nyepesi. Na wale wapagazi wanaokupita na kilo 20 kichwani wasalimie kwa jina, wengi ni vijana wanaokuzidi miaka mitatu minne tu.

Dada habari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Moshi Vijijini. Kuna shule ya kimataifa inatuletea wanafunzi kila mwaka, watoto wazuri wana heshima, hilo siwezi kusema uongo. Ila huu ni mwaka wa nne wanapaka rangi ukuta ule ule wa darasa la pili. Wa kwanza walichora twiga. Waliofuata wakafuta twiga wakachora ramani ya Afrika. Waliofuata wakafuta ramani wakachora namba na matunda. Sasa wamesema wanakuja tena mwezi wa tisa wiki ya kwanza, wakati darasa la saba wako kwenye maandalizi ya mwisho ya mtihani wa taifa. Shida yetu sisi ni maji, watoto wanakuja na vidumu kutoka nyumbani. Mwalimu mkuu anasema tusiwaudhi wafadhili. Nisaidie.
Mwalimu, Moshi Vijijini

Mwalimu, mi nilikua ndani ya basi hilo. Labda sio la kuja kwenu, ila basi la namna hiyo hiyo, kwahiyo nakujibu kama mtu anayekiri.

Kuna mwaka tulipanda miche ya mringaringa kwenye shule moja mwezi wa pili. Mwezi wa pili mwalimu! Jua la Moshi la mwezi wa pili unalijua, masika mpaka mwezi wa tatu huko. Mi ni mtoto wa mkulima, najua mche unapandwa lini, na nilinyamaza kwasababu ratiba ilishapangwa na basi lilishalipiwa na watoto walikua na hamu. Nilibeba ndoo moja ya maji kutoka kwa jirani, nikagawa kikombe kimoja kimoja kwenye miche, kikombe cha bati cha bluu nakiona mpaka leo. Tuliporudi mwezi wa nne kulikua na vijiti. Na mvua ilikua inanyesha vizuri kabisa. Mwalimu wa pale hakusema neno, alituletea viti na chai ya maziwa. Ile chai sijaisahau.

Kwahiyo nakuelezea inavyotokea ili usidhani wanawadharau. Mwanafunzi wa Diploma anakaa miaka miwili tu, mwaka wa pili nusu yake ni mitihani, kwahiyo kila kundi jipya linaanza upya halijui waliotangulia walifanya nini. Mwalimu anayesimamia naye mkataba ukiisha anaondoka. Wana masaa mawili matatu ya jumatano, na rangi ni kitu kinachoenea kwenye masaa mawili, kinaanza na kinaisha na picha inapendeza. Maji hayaenei kwenye jumatano moja. Alafu kubwa kuliko yote hakuna aliyewauliza nyie, na nyie hamkusema, mkawaletea viti na chai.

Sasa chukua hili ulishike. Utaratibu wa CAS wenyewe una hatua tano, uchunguzi, maandalizi, utekelezaji, tafakari na maonyesho, na ya kwanza ni uchunguzi, yaani kujua jamii inahitaji nini kabla hujagusa brashi. Kwahiyo ukiwaandikia kwamba ukuta umetosha hujawaudhi, umewarudisha kwenye hatua waliyoiruka na mwalimu wao anayejua kazi yake atakushukuru. Na mwalimu mkuu mwambie kwa upole wale sio wafadhili, ni wanafunzi kama wenu, wamekuja kujifunza na nyie mna haki ya kuwafundisha.

Barua iwe fupi, ipitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, nakala kwa afisa elimu kata ili baadae lisigeuke lako binafsi. Andika hivi: "Tunawashukuru kwa urafiki wa miaka minne. Mwezi wa tisa tuna mtihani wa darasa la saba hivyo tunaomba mje baada ya hapo. Shida yetu kubwa ni maji, tunaomba wanafunzi wenu na wetu tuichunguze pamoja." Basi, usiongeze. Na ambatanisha kalenda yenu, maana nyie mwaka wenu ni januari mpaka desemba na wao agosti mpaka juni, hawajui kwamba la nne na la saba wana mitihani lini, kwao septemba ndo kwanza wamefungua na wana nguvu za kuja.

Wakija wasishike rangi. Wakae langoni asubuhi na daftari pamoja na wanafunzi wako wa la sita, wahesabu vidumu, vya lita ngapi, mtoto ametembea dakika ngapi, wangapi ni wa kike. Waende vyooni wahesabu matundu, mwongozo wa nchi ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, nyie mko wapi? Wapime paa. Hili nalipenda sana kwa vile ni hesabu ya darasani kabisa, milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Jengo lenu la madarasa kama lina paa la mita 8 kwa 20 hizo ni mita za mraba 160, mvua ya milimita 10 tu ya mchana mmoja ni lita 1,600, toa inayoruka nje na inayovuja bado tenki la lita 5,000 linajaa kwa siku chache za masika. Wanafunzi wanaosoma fizikia ya kiwango kile wanaweza kuwachorea magata yakae kwa mwinuko gani na tenki likae wapi, wakaandika makadirio ya bei kutoka duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini, na hayo makaratasi mkiyapeleka kwenye kikao cha kijiji au kwa diwani yana nguvu kuliko twiga watatu. Huo ni mradi wa miezi sita na kundi la mwakani linaendelea pale walipoishia hawa, mwombe mwalimu wao daftari libaki kwenu shuleni, kwenye kabati lako, sio kwao.

Na mwalimu, kwanini basi linakuja upande mmoja tu? Waombe na nyie mwende. Timu yenu ya mpira wa pete ikacheze kwenye uwanja wao, la saba wakakae maktaba yao jumamosi mbili kabla ya mtihani, wazee wenu wakawafundishe watoto wale kusoma kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mgomba upi unakaa juu ya kahawa na kwanini. Shule ya kwanza ya kimataifa hapa Moshi ilianza 1969 kwa ajili ya familia za watu waliokuja hospitali ya KCMC, leo iko ndani ya mtandao wa shule za UWC (United World Colleges) tangu 2019 na watoto wanatoka nchi nyingi sana, hiyo ni zaidi ya miaka 50 ya kuishi jirani. Jirani anakuja na wewe unaenda.

La mwisho ni picha. Kabla mtu hajampiga picha mtoto wako darasani aulize, na jibu linaweza kuwa hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtoto na jina la shule yake ni taarifa zake. Lisemeni mapema siku ya kwanza, msisubiri mpaka mnajiona kwenye kalenda ya watu.

Anti naomba kuuliza, kijana wangu wa miaka 14 anataka suti na tai, anasema ni ya MUN, shule nzima wanaenda. Ni lazima? Na MUN ni nini hasa maana akinielezea sielewi.
Mama wa Sakina, Arusha

Mama, ni igizo la Umoja wa Mataifa, ila wanalichukulia kwa uzito kweli. Kila mtoto anapewa nchi ambayo sio yake, anasoma msimamo wa nchi hiyo, anasimama mbele ya wenzake anautetea hata kama yeye binafsi haukubali, wanajadiliana, wanaandika azimio, wanapiga kura. Kijana mwenye aibu akitoka hapo anajua kuongea mbele za watu, nimeliona hilo kwa macho yangu. Suti mpya sio lazima, suruali nyeusi ya shule, shati jeupe lililopigwa pasi na tai ya baba yake vinatosha kabisa.

Ila nikuombe kitu. Nyie mnakaa Arusha. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalisainiwa hapo hapo agosti 1993, mauaji yakatokea mwaka uliofuata, alafu mahakama ya kimataifa ya kesi hizo ikakaa hapo hapo kwenye jengo la mikutano la AICC mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki makao yake ni hapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni hapo. Siku moja mkiwa mjini mpitishe nje ya AICC umwambie makubaliano yaliyosainiwa mjini kwetu hayakuzuia mauaji, amuulize mwalimu wake ilikuaje. Atakwenda na hilo swali kwenye MUN na litamsaidia kuliko tai.

Anti shikamoo. Binti yangu anasoma kutwa shule ya kimataifa kwa msaada wa ada. Wana siku ya mataifa, kila familia ilete chakula cha kwao. Mi nataka kupika machalari, ndizi zetu za Kichagga, lakini binti anaona aibu, anasema wenzake wataleta vitu vizuri, anataka ninunue piza mjini. Mwaka jana nilinunua pilau ya watu nikapeleka na roho iliniuma. Nifanyaje?
Mama, Kiboriloni

Marahaba mdogo wangu. Peleka machalari. Hapo sina maneno mengi, ni siku ya mataifa na shule imesimama kwenye ardhi ya watu wanaokula ndizi, itakuaje meza zote zijazwe na meza ya mwenyeji iwe na piza.

Aibu ya binti usimgombeze nayo, ni umri na ni mazingira, kila siku anasikia vyakula ambavyo hajawahi kuvila. Mpe kazi. Jumamosi mumenye ndizi pamoja, chukua mshare ambazo hazijaanza kuiva, mpake mikono mafuta asishikwe na utomvu, mkimenya zitumbukie kwenye maji hapo hapo zisiwe nyeusi. Pikeni sufuria kubwa yenye nyama ya ng'ombe na sufuria ndogo isiyo na nyama, tui la nazi tu, maana kuna watoto wa Kihindi na wengine wengi wasiokula nyama na huwa wanazunguka meza zote wanarudi na wali mweupe, wakikuta kuna kilichopikwa kwa ajili yao utaona wanavyokusanyika. Ndizi zisiive sana nyumbani, zitoe zikiwa bado ngumu kidogo kwasababu ndani ya hotpoti zinaendelea kuiva njiani. Parachichi likatwe pale pale mezani. Binti aandike kikaratasi, jina la chakula, kuna nini ndani, nyama ni ya ng'ombe, na asimame yeye nyuma ya meza apakue na kuelezea, wewe kaa pembeni kwenye kiti umwache.

Vaa kitenge chako kizuri. Hotpoti ziandike jina kwenye plasta ubandike chini na kwenye mfuniko, maana sherehe ikiisha vyombo vyote vinapelekwa jiko la shule kuoshwa na vinapangwa pamoja.